Mchongaji na Soko la Ng'ambo

Ewe msomaji, huenda umekwisha kuona twiga wa mti, au swala, au kijiko chenye mpini wa kichwa cha mnyama, vimepangwa mbele ya duka katika Mombasa au Nairobi. Vitu hivi twavipita kila siku wala hatuvitazami mara mbili, kwa kuwa tumevizoea. Lakini vitu kama hivyo vimepakiwa melini kwa miaka mingi, vikauzwa katika miji ya Ulaya na Marekani, na historia ya safari yao ina funzo kubwa. Katika insha hii nataka tuifuate safari hiyo tangu chanzo chake, tukiwa na swali moja mkononi: mtu mdogo atengenezapo kitu kizuri, na kitu hicho kikapendwa mbali, ni nini kimzuiacho asipate thamani ya jasho lake?

Tuanze na watu wenyewe. Wakamba walijulikana kwa biashara ya mbali zamani sana kabla ya reli kujengwa. Katika karne ya 19 misafara yao ilichukua pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani, ikarudi na nguo, shanga na chumvi. Mmoja wa wakuu wao wa biashara alikuwa Kivoi wa Kitui, aliyeuawa karibu na Mto Tana mwaka 1851 akiwa safarini pamoja na mmisionari Krapf. Siku zile Wakamba ndio walioshika njia. Mwindaji wa bara hakujua bei ya pembe Mombasa, na tajiri wa Mombasa hakujua bei ya pembe bara; aliyejua zote mbili ni yule aliyetembea kati yao, naye ndiye aliyekuwa na faida. Likumbuke jambo hili, kwa maana tutalikuta tena mbele, lakini mahali pa watu patakuwa pamegeuka.

Kuchonga vigoda, vijiko na mizinga ya nyuki kulikuwa kazi ya kawaida Ukambani. Lakini kuchonga sanamu za watu na wanyama ili ziuzwe kwa wageni ni jambo lililokuja baadaye, na mwanzo wake wahusishwa na mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu, mashariki ya mji wa Machakos. Katika Vita Kuu ya kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, Waafrika wengi sana walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza lililopigana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kikosi hicho cha wapagazi ndicho kilichoacha jina la Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Mutisya alikuwa miongoni mwa watu hao. Huko aliwaona mafundi wa pwani wakichonga sanamu. Wengi wasema walikuwa Wazaramo, na wengine wasema Wamakonde. Alijifunza, na vita vilipokwisha alirudi kwao na ujuzi huo, akaanza kuchonga na kuwauzia Wazungu. Kutoka nyumba yake kazi hiyo ilienea kwa jamaa na majirani, hata Wamunyu pakawa mahali ambapo sauti ya tezo yasikika kila upande.

Vita vya pili, vya mwaka 1939 hadi 1945, vilileta askari wengi wa kigeni nchini, nao walipenda kurudi kwao na kumbukumbu. Biashara ikakua. Baada ya vita Wakamba wenye moyo wa safari walibeba michongo katika masanduku na magunia, wakaitembeza katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki na hata kupita mipaka yake. Wengine walifanya urafiki kwa barua na wenye maduka wa ng'ambo, wakaanza kupeleka mizigo kwa meli. Mwaka 1958 mchumi Walter Elkan, aliyefanya utafiti wake Makerere, aliandika makala juu ya biashara hii. Makala yake yaonyesha biashara iliyoanzishwa na kukuzwa na Waafrika wenyewe kwa mtaji mdogo, katika zama ambazo wengi walidhani kuwa Mwafrika hawezi kupeleka bidhaa ng'ambo ila kwa mkono wa mtu mwingine.

Hapana shaka basi kwamba ustadi ulikuwapo, na moyo wa biashara ulikuwapo. Mbona wachongaji wengi walibaki maskini? Sababu zilikuwa kadha wa kadha, nasi yafaa tuzitazame moja moja.

Sababu ya kwanza ni muda. Mchongaji ana watoto wa kulisha leo. Mzigo uendao ng'ambo wahitaji siku za kukusanywa, siku za kufungwa, siku za kungoja meli, majuma ya baharini, na baada ya hayo siku za kungoja malipo. Mtu asiye na akiba hawezi kungoja miezi mitatu au minne. Kwa hiyo humwuzia dalali aliyesimama mlangoni na fedha taslimu, ingawa ajua kuwa bei ni ndogo. Kwa kweli anachouza ni vitu viwili: mchongo wake, na subira asiyoweza kuilipia.

Tuweke hesabu, kwa mfano tu, ili jambo liwe wazi. Tuseme mchongaji amemwuzia dalali twiga kwa shilingi 100. Dalali amempeleka mjini, amemwuza kwa mpelekaji wa ng'ambo kwa shilingi 200. Huyu naye amelipa sanduku, ada za forodha, bima na nauli ya meli, kisha amemwuza kwa tajiri wa ng'ambo kwa shilingi 500. Mwisho mwenye duka amempanga twiga yule dirishani, na mnunuzi amelipa shilingi 1,000. Katika kila shilingi 10 alizotoa mnunuzi, moja tu imemfikia mtu aliyeshika tezo. Tena katika shilingi hiyo moja mchongaji hana budi kutoa bei ya mti.

Usifanye haraka, msomaji, kuwaita wote waliokaa katikati wezi. Dalali amelipa kabla ya kulipwa. Mpelekaji amejitia katika hatari: meli yaweza kuchelewa, sanduku laweza kuvunjika, na tajiri wa mbali aweza kukataa mzigo au kunyamaza kimya. Kazi yao ni kazi ya kweli. Kosa ni kwamba yule aliyeanza kazi hana njia ya kuifanya sehemu hiyo mwenyewe, wala hajui bei ya mwisho, hata aweze kubishana. Amekuwa kama mwindaji wa pembe wa zama za Kivoi: ana mali, lakini hana njia.

Sababu ya pili ni karatasi. Mchongo uuzwao kando ya barabara hauhitaji maandishi. Mchongo uendao ng'ambo wahitaji barua ya bei, orodha ya mzigo, hati ya shehena, hati ya forodha, hati ya bima, na maelewano ya benki mbili zilizo katika nchi mbili. Tajiri mkubwa akiwa na masanduku 200 hujaza karatasi zile zile anazojaza mtu mwenye masanduku 2. Gharama ya karatasi haipungui kwa kuwa mzigo ni mdogo. Kwa hiyo mtu mdogo huilipa kwa uzito zaidi katika kila kitu auzacho. Ongeza juu ya hayo kwamba barua zenyewe huandikwa kwa lugha ya kigeni, na wachongaji wengi wa zamani hawakupata nafasi ya kukaa darasani kama wewe.

Sababu ya tatu ni tabia ya soko lenyewe. Mwenye duka wa ng'ambo aweza kuandika akitaka swala 500, wote wa kimo kimoja, wafike kabla ya Krismasi. Mchongaji mmoja hawezi kazi hiyo. Wachongaji 50 waweza, lakini kila mmoja ana mkono wake na jicho lake, na swala wa huyu hafanani na swala wa yule. Tena kitu kikipendwa, kila mtu hukiiga. Mmoja akibuni umbo jipya leo, wiki ijayo umbo hilo li katika vibanda vyote, na bei yake imeshuka. Ndiyo maana wengi waliona heri kurudia twiga na swala wale wale kuliko kutumia siku kumi kubuni kitu ambacho faida yake itagawanywa na majirani.

Sababu ya nne ni bahari na mti wenyewe. Mpingo ni mti mzito hata huzama majini. Basi nauli yake ni kubwa. Mti mbichi uliochongwa kwa haraka huonekana mzuri katika hewa ya unyevu ya Mombasa, lakini ukifika katika nyumba ya Ulaya iliyopashwa moto wakati wa baridi, hukauka ghafula na kupasuka. Mnunuzi akiona ufa katika kifua cha sanamu yake, hasemi kwamba fundi fulani alifanya haraka. Asema kwamba vitu vya Kenya si vya kutegemewa. Wengine walizidi kuharibu jina kwa kupaka mti mweupe rangi nyeusi ya viatu na kuuita mpingo. Faida ya udanganyifu huo ilikuwa ya mtu mmoja kwa siku moja, na hasara yake ilikuwa ya wote kwa miaka.

Hata mambo ya dunia ambayo mchongaji hana habari nayo humfikia kibandani mwake. Mwezi wa Juni mwaka 1967 vita vya Mashariki ya Kati vilifunga Mfereji wa Suez, nao haukufunguliwa tena hadi mwezi wa Juni mwaka 1975. Kwa miaka 8 meli za kutoka Mombasa kwenda Ulaya zililazimika kuizunguka Afrika yote kwa njia ya Rasi ya Tumaini Jema. Mpaka wa Kenya na Tanzania nao ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukakaa hivyo hadi mwaka 1983. Mwenye kampuni kubwa huona habari hizi gazetini na kutafuta njia nyingine. Mtu mdogo huambiwa tu kwamba bei imeshuka.

Sasa tutazame dawa iliyojaribiwa. Sheria ya mwaka 1945 ilikuwa imefungua mlango kwa Waafrika wa Kenya kuunda vyama vya ushirika vilivyoandikishwa. Mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, wachongaji wa Kikamba waliokuwa Mombasa waliunda chama chao cha ushirika huko Changamwe, karibu na bandari. Vyama vingine viliundwa katika miji mingine, na hata Wamunyu kwenyewe.

Mpango wa chama cha Changamwe ni rahisi kueleza. Kila mwanachama hukaa kibandani akachonga kwa mkono wake mwenyewe. Ana nambari yake, na nambari hiyo huandikwa chini ya mchongo pamoja na bei. Michongo hukaguliwa, kisha hupangwa katika duka moja kubwa. Kitu kikiuzwa, chama hukata sehemu yake kwa ajili ya gharama, na mwenye nambari hulipwa kilichobaki. Agizo kubwa likija kutoka ng'ambo hugawanywa kati ya wanachama. Karatasi zile ambazo zingemlemea mtu mmoja hujazwa na ofisi moja kwa ajili ya wote.

Waona, msomaji, kwamba chama hakikumwondoa mtu wa katikati kwa kumfukuza. Kilimwondoa kwa kuifanya kazi yake. Kukagua, kufunga, kuandika barua, kungoja malipo, na kujua bei ya mbali ni kazi zilizoingia mikononi mwa wachongaji wenyewe. Njia ilirudi kwao, walau kwa sehemu.

Lakini sipendi kukuonyesha upande mmoja tu. Ushirika haukuwaponya wote. Mchongaji mwenye mtoto mgonjwa hawezi kungoja nambari yake iitwe. Bado humwuzia dalali usiku. Na popote ambapo viongozi wa chama husahau kuwa fedha za ofisi ni jasho la wanachama, wanachama hawasemi sana. Huondoka mmoja mmoja na kurudi kwa wachuuzi. Chama huishi kwa hesabu zilizo wazi. Duka kubwa na jengo zuri haviwezi kushika mahali pa daftari la kweli.

Tena kulikuwa na shida nyingine, ambayo chama kizuri kiliweza hata kuizidisha. Kadiri wachongaji walivyouza zaidi, ndivyo walivyokata zaidi. Mpingo hukua polepole sana. Mti aukatao mtu leo huenda ulichipuka kabla babu yake hajazaliwa. Mpingo ulipoadimika, wengi waligeukia muhugu, mti mgumu wa misitu ya pwani na ya bara, na huo nao ukaanza kupungua. Wachongaji walikuwa wanakula mtaji wao bila kujua, kwa maana mti wa msituni haukuandikwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa mimea na wahifadhi wa misitu walikaa na wachongaji kutafuta miti mingine. Mmoja uliofaa ni mwarobaini, mti wa asili ya Bara Hindi, ambao wengi huujua kwa dawa yake chungu. Hukua upesi, humea vizuri pwani, na wakulima wanao mashambani mwao. Mwanzoni wachongaji wengine waliudharau, na wanunuzi walikuwa wamezoea mti mweusi. Lakini ukikaushwa vizuri huchongeka na kung'aa. Jambo hili lilimpa faida mtu wa tatu aliyekuwa amesahauliwa, yaani mkulima mwenye miti, ambaye sasa alikuwa na sababu ya kupanda.

Sheria za dunia nazo ziliongezeka. Mwaka 2002 mataifa yalikubaliana kanuni juu ya mbao za kufungia mizigo: masanduku na vitanda vya mbao vivukavyo mipaka sharti vitiwe moto au dawa ya kuua wadudu, kisha vipigwe muhuri. Tangu Januari 2017 mpingo na jamii yake yote ziliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hata kuuvusha mpaka kukahitaji kibali. Baadaye, mwaka 2019, vitu vilivyokwisha kutengenezwa vilisamehewa kibali hicho, mradi mti ulio katika mzigo mmoja usizidi kilo 10. Sheria hizi zina sababu njema, kwani wadudu huharibu misitu ya nchi nyingine, na mpingo ukikatwa ovyo utakwisha. Walakini ni dhahiri kwamba kila sheria mpya ni karatasi mpya, na karatasi mpya humwangukia mtu mdogo kwanza. Ikiwa hakuna ofisi ya wenzake ya kumsomea na kumwelekeza, mlango hufungwa mbele yake, ingawa hakuna aliyekusudia kuufunga.

Haya yote si mambo ya michongo peke yake. Msusi wa vyondo wa Machakos, mfinyanzi, mchonga mawe wa Tabaka katika nchi ya Wakisii, na mfumaji wa vikoi, wote husimama mahali pale pale aliposimama mchongaji wa Wamunyu. Tena si Kenya peke yake. Katika nchi nyingi zinazojitahidi kuendelea, mikono yenye ustadi si haba. Kilicho haba ni akiba ya kuvumilia miezi ya kungoja, habari za bei za mbali, mtu wa kushughulika na hati, na uaminifu wa kundi zima ambao mnunuzi asiyewaona aweza kuutegemea.

Ndiyo maana nimekueleza habari hizi wewe uliye shuleni. Huenda hutashika tezo maisha yako yote. Lakini utajua kuandika barua ya biashara, kusoma kanuni, kuweka daftari na kukokotoa gharama. Kwa miaka mingi elimu ya namna hiyo imekuwa upande wa mnunuzi na wa mpelekaji, na mara chache upande wa mtengenezaji. Ukimaliza masomo, huenda katika kijiji chenu pana kikundi cha wasusi au wachongaji wanaouza kwa bei waliyoambiwa na mgeni. Kaa nao, uwaulize wauzacho huuzwa kwa bei gani mwisho wa safari yake. Ikiwa hakuna ajuaye, basi hapo ndipo kazi yako ianzie.